Chombo cha Kuzuia Mkojo, na Shamba Linalotaka Kuuzwa



Mwezi huu tumeyaweka kando maneno tuliyokuwa tumeyatayarisha kwa ukurasa huu wa afya, kwani tumepokea barua kutoka Mlola, katika milima ya Usambara, ambayo haikutuachia nafasi ya kuandika jambo jingine. Aliyeiandika ni kijana, na kwa kuchunga heshima ya mzazi wake hatutamtaja jina wala kitongoji. Asema kwamba mama yake hawezi kuzuia haja ndogo, na huu ni mwaka wa sita. Ameacha kwenda harusini, ameacha darasa la akina mama, na hata msiba ukitokea kwa jirani hutuma salamu akabaki ndani. Usiku huamka mara tano au sita. Na katika baridi ile ya mwezi wa saba, ardhi ikiwa imelowa, kuteremka mpaka choo cha nje si jambo dogo kwa mtu wa makamo yake. Mara nyingine hafiki. Asubuhi binti yake hulianika godoro nyuma ya nyumba, upande usioonekana na wapita njia.

Sasa kaka wa kijana huyu, aliyeko Maskati kwa kazi, amesikia kwamba kuna chombo kidogo cha umeme kinachotiwa ndani ya mwili, karibu na mwisho wa uti wa mgongo, nacho humwezesha mtu kuzuia mkojo. Jamaa wamekaa kikao. Kuna shamba la urithi, na mnunuzi amekwisha kupatikana. Swali lililoletwa kwetu ni hili: shamba liuzwe, mama apelekwe India akatiwe chombo, au lisiuzwe?

Jawabu letu ni kwamba shamba lisiuzwe bado. Si kwa sababu chombo hicho ni uongo. Ni cha kweli, na kimewafaa watu wengi. Lakini wana hawa wameuliza bei ya chombo kabla hawajauliza mambo mawili: mama yao augua nini hasa, na chombo chenyewe huwa na hali gani baada ya miaka mitano au kumi. Tuanze na hili la pili, kwa kuwa ndilo lisilosemwa na wauzaji.

Kibofu cha mtu mzima huweza kukusanya mkojo kiasi cha nusu lita. Habari zake hupelekwa na mishipa ya fahamu inayotoka katika mfupa mpana ulio juu ya kitokono. Mishipa hiyo hupeleka khabari mbili: ya kibofu kuuambia ubongo kwamba kimejaa, na ya ubongo kukiambia kibofu kisubiri au kifungue. Mazungumzo hayo yakiharibika, kibofu hujikaza bila ya amri, naye mtu hushikwa na haja ya ghafla isiyompa muda wa kufika chooni. Au kinyume chake, kibofu hujaa kikakataa kutoka. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, madaktari Emil Tanagho na Richard Schmidt wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walianza kuwatia wagonjwa waya mwembamba karibu na mmoja wa mishipa hiyo, na kuupitishia umeme mdogo usiokatika, ili kuyatuliza mazungumzo yale. Mwaka 1997 serikali ya Marekani ilikiruhusu chombo cha namna hiyo kitumiwe kwa wenye haja ya ghafla ya kuvujisha.

Namna yenyewe ni hii. Kwanza mgonjwa hutiwa waya wa majaribio, na kwa muda wa wiki moja au mbili hivi huandika kila anapokwenda haja na kila anapovujisha. Shida ikipungua kwa nusu au zaidi, ndipo hutiwa chombo chenyewe, chenye betri ndani yake, chini ya ngozi ya upande wa nyuma, juu ya kalio. Isipopungua, waya huondolewa na mambo huishia hapo. Msomaji aitie alama sehemu hii: mtu aweza kusafiri mpaka ng'ambo, akalipa, akajaribiwa, kisha akaambiwa kwamba chombo hakimfai. Na mwenye shamba lililouzwa harudishiwi shamba.

Ama waliotiwa chombo wakakaa nacho, khabari zao zipo na zimeandikwa. Mwaka 2007 ilichapishwa taarifa ya watu 152 waliotiwa chombo katika nchi mbali mbali, wakafuatwa kwa miaka mitano. Katika wale waliokuwa wakivujisha kwa haja ya ghafla, 68 katika kila 100 walikuwa bado wamepata nafuu kubwa. Katika wale ambao kibofu chao kilikataa kutoka, 71 katika kila 100. Mwaka 2018 ikatoka taarifa nyingine, ya watu 272 wa Marekani na Kanada, nao pia wakafuatwa miaka mitano. Na hapa twataka vijana wetu wanaosoma hesabu wajifunze jambo. Ukiwahesabu wale tu waliobaki mpaka mwisho, 82 katika kila 100 walifanikiwa. Lakini ukiwatia katika hesabu na wale waliojitoa njiani kwa sababu ya udhia wa chombo chenyewe, ukawahesabu kuwa hawakufaulu, wanabaki 67. Hesabu zote mbili ni za kweli. Mwenye kuuza atakutajia ya kwanza.

Tena neno "kufanikiwa" katika taarifa hizi halina maana ya kukauka kabisa. Maana yake ni shida kupungua kwa nusu au zaidi, au mtu kurudia hali ya kawaida ya kwenda haja. Aliyekuwa akilowana mara nne kwa siku, sasa akalowana mara mbili, amehesabiwa katika waliofaulu. Hatulidharau jambo hilo. Muulize mwenye kufua nguo atakwambia kama mara mbili ni sawa na mara nne. Lakini kijana wetu ameandika katika barua yake kwamba chombo "kitamponya mama kabisa", nasi twaona ni haki yake ajue kwamba waliokauka kabisa baada ya miaka mitano hawakufika nusu ya waliokuwa wakivujisha.

Kisha kuna betri. Betri za vyombo vya mwanzo hudumu miaka michache tu, kisha mtu hana budi kupasuliwa tena ili kutiwa nyingine. Katika wale 272, kiasi cha mmoja katika kila watatu alikwisha kubadilishiwa betri kabla ya mwaka wa tano kuisha. Na kando ya hao, zaidi ya mmoja katika kila watano alirudi chini ya kisu kwa sababu ya matatizo: waya umehama mahali pake, mahali pa chombo panauma, pameingia uchafu, au chombo kimepoteza nguvu. Tangu mwaka 2019 Marekani imeruhusu chombo kinachotiwa umeme kutoka nje kupitia ngozi, kama mtu anavyoitia simu yake moto, nacho kimekadiriwa kudumu miaka 15. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini hata chombo hicho kinataka mtu wa kukitengeneza kiasi chake, kukipima kila baada ya muda, na kukitazama kikigoma. Mtu wa Mlola aliyetiwa chombo India, waya ukimhama katika mwaka wa tatu, ataupeleka kwa nani? Aulizaye bei ya chombo aulize bei ya safari tatu, si moja.

Kuna kisa kingine cha vyombo hivi tunachopenda kukisimulia. Huko London, mtaalamu mmoja, Giles Brindley, aliunda katika miaka ya 1970 chombo cha watu waliovunjika uti wa mgongo, ambao hawana tena hisia wala amri chini ya kiuno. Chombo chake hakikuwa na betri ndani ya mwili. Mgonjwa huweka kifaa cha nje juu ya ngozi, umeme ukapita ndani, kibofu kikajikaza na kumimina mkojo kwa wakati autakao mwenyewe. Ni kazi kubwa ya upasuaji, tena kwa kawaida hukatwa mizizi ya mishipa ya hisia, ambayo haiungiki tena. Kwa hiyo si ya kila mtu. Lakini mwaka 1994 Brindley alipochapisha khabari za wagonjwa 500 wa mwanzo, wengi wao walikuwa wakikitumia bado. Kwa kuwa hapakuwa na betri ndani, hapakuwa na betri ya kubadilisha. Marekani ilikiruhusu chombo hicho mwaka 1998. Na miaka si mingi baadaye kampuni iliyokuwa ikikiuza huko ikaiacha biashara hiyo. Wagonjwa wakabaki na chombo miilini mwao, muuzaji hayupo. Kwa hiyo swali la "nani atakitazama baada ya miaka kumi" si letu sisi watu wa mbali tu.

Sasa turudi katika swali la kwanza, ambalo ndilo kubwa: mama huyu augua nini?

Kutoweza kuzuia mkojo si ugonjwa mmoja. Yuko anayevujisha anapokohoa, anapocheka au anapojitwika kuni. Huyo misuli yake ya chini ya nyonga imelegea, mara nyingi kwa uzazi. Chombo cha umeme si dawa yake. Yuko anayeshikwa na haja ya ghafla. Huyo ndiye ambaye chombo chaweza kumfaa, ikiwa njia nyepesi zimeshindwa. Yuko mzee wa kiume ambaye tezi dume imemziba, mkojo ukawa wafurika kwa matone. Huyo ataka kuzibuliwa. Na yuko mama ambaye mkojo wamtoka mchana na usiku bila ya kuhisi haja, tangu siku chache baada ya uzazi mgumu uliochukua siku mbili au tatu. Huyo ana tundu baina ya kibofu na njia ya uzazi, yaani fistula. Na tundu halizibwi kwa umeme, huzibwa kwa kushonwa.

Barua ya kijana wetu ina neno moja lililotufanya tufikiri. Asema mama yake huamka usiku, na mara nyingine hafiki. Basi mama huyu huhisi haja. Aghalabu mwenye fistula hana haja ya kuamka, kwani mkojo wamtoka bila ya kumwuliza. Kwa hiyo dhana yetu yaelekea kwenye haja ya ghafla. Lakini dhana si uchunguzi, na kuamka mara tano au sita kwa usiku kwaweza kuletwa na mambo mengine ambayo kipimo chake hakihitaji India wala Dar es Salaam. Kisukari hufanya hivyo. Uchafu katika njia ya mkojo hufanya hivyo. Kichocho, kwa mtu aliyewahi kuishi na kuoga katika maji ya nyanda za chini, hudhuru kibofu. Na viko vidonge vya shinikizo la damu ambavyo kazi yake ni kukojoza. Tumepata kuwaona wazee wakivimeza baada ya isha, kisha wakalalamika kwamba hawalali. Kupima mkojo na sukari ni kazi ya asubuhi moja. Katika barua nzima, kurasa nne, hatukuona mahali palipoandikwa kwamba mama amepimwa. Miaka sita! Wala hatumlaumu kijana; haya ndiyo maradhi ambayo mama humficha hata mumewe, na mtoto huyajua kwa godoro tu.

Na kwa kuwa ukurasa huu utasomwa na nyumba nyingi, hatuna budi kusema zaidi juu ya fistula. Hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani, Dar es Salaam, huwashona wanawake wenye fistula bila ya malipo. Na tangu mwaka 2009 imekuwa ikiwatumia nauli kwa simu, kwa njia ya M-Pesa, kwani iligundulika kwamba wengi walikuwa hawazuiwi na gharama ya matibabu bali na nauli ya basi. KCMC huko Moshi na Bugando huko Mwanza pia hufanya kazi hii. Huko Addis Ababa, Dk. Catherine Hamlin na mumewe Reginald, waliofika Habeshi mwaka 1959, walifungua mwaka 1974 hospitali ya maradhi haya peke yake. Kazi zao zimetufundisha pia jambo lisilopendeza: wako wanawake ambao tundu limezibika vizuri, na bado wakavujisha, kwa sababu misuli ya kubana iliharibika pamoja na tundu. Hao wasikate tamaa wala wasidhani wameshonwa vibaya. Warudi hospitali, wana matibabu ya pili.

Ama mwenye haja ya ghafla, au mwenye kuvujisha akikohoa, dawa ya kwanza haina bei. Mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika juu ya mazoezi ya misuli ya chini ya nyonga, nayo hufundishwa mpaka leo. Mtu huibana misuli ile ile anayoibana kuzuia mkojo au upepo, akahesabu mpaka tano au zaidi, akailegeza kwa hesabu hiyo hiyo, mara nane au kumi, mara tatu kwa siku. Aweza kuyafanya akiwa ameketi anachambua mboga, wala hapana atakayejua. Asitazamie kitu kabla ya miezi mitatu. Pamoja na hayo, kibofu hufunzwa subira: haja ikija, angoje dakika tano, juma lijalo dakika kumi, na kuendelea mpaka afike saa mbili au tatu. Chai kali ya jioni ipunguzwe, ingawa twajua kwamba kumwambia mtu wa Usambara aache chai katika baridi ile ni kumtia katika mtihani. Yakishindwa haya, viko vidonge. Vikishindwa vidonge, iko sindano nyembamba ya kifundo cha mguu inayopitisha umeme dakika 30 kwa juma, majuma 12, bila ya kupasuliwa. Chombo cha kutiwa mwilini huja baada ya ngazi zote hizi. Jamaa wa Mlola wameanzia ngazi ya juu.

Tuseme neno moja kwa wazazi wenye watoto waliozaliwa na mgongo wazi, na kwa vijana waliovunjika mgongo kwa pikipiki au kwa kuanguka mtini. Kwao, jambo lililookoa figo nyingi kuliko chombo chochote ni mpira wa mkojo unaopitishwa na mgonjwa mwenyewe, au mama yake, kila baada ya saa chache, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Daktari Jack Lapides wa Michigan ndiye aliyeonyesha mwaka 1972 kwamba usafi wa kawaida watosha. Hufundishwa katika siku chache, na mtoto wa shule aweza kuyafanya mwenyewe.

Limebaki lililotuumiza zaidi katika barua. Kijana asema mama yake ameacha kuswali, kwa kuwa "hana twahara". Hili twalijibu bila ya kungoja kipimo. Mwenye hadathi ya kudumu hajapunguziwa swala hata moja, wala hakuachwa bila ya njia. Tangu zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, bibi Fatima binti Abi Hubaysh alikwenda kumwuliza juu ya damu isiyokatika, naye hakuambiwa aache kuswali. Kwa mafunzo ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku, mwenye kuvujisha hujisafisha, akajifunga kitambaa safi, akatawadha baada ya wakati kuingia, akaswali upesi. Na kinachomtoka baada ya hapo hakimharibii swala yake. Kila faradhi na udhu wake. Hata kungoja jamaa hakumdhuru. Na akiwa amejifunga vizuri pasipo hofu ya kuchafua, mlango wa darasa haujafungwa kwake. Ikiwa siku moja atatiwa chombo, basi kilicho chini ya ngozi hakizuii udhu wala josho. Isipokuwa zile siku za majaribio, waya ukiwa nje na mahali hapo pamefungwa bandeji isiyotakiwa kulowana, hapo amwulize sheikhe wake hukumu ya kupaka juu ya bandeji pamoja na kutayamamu. Twamwomba binti yake, huyo anayeanika godoro, amsomee mama yake mistari hii leo.

Kuhusu shamba, mnunuzi aambiwe angoje. Mama apewe karatasi na kalamu, au binti amwandikie, kwa siku tatu mfululizo: saa aliyokwenda haja, saa aliyovujisha, alikuwa akifanya nini, na alikunywa nini. Iandikwe pia mara ngapi amezaa, na uzazi wa mwisho ulikuwaje, na dawa gani anameza na saa ngapi. Kwanza apimwe mkojo na sukari hapo hapo karibu. Kisha ateremke na karatasi hiyo mpaka hospitali ya wilaya Lushoto, na akihitaji mkubwa zaidi aandikiwe barua ya rufaa, apitie Mombo aelekee Moshi au Dar es Salaam. Nauli ya safari hiyo haifikii bei ya pembe moja ya shamba. Na kabla ya yote hayo wana wamwulize mama mwenyewe ataka nini, kwani katika kurasa zote nne tumesoma aliyosema kaka wa Maskati, na aliyosema mnunuzi, na waliyosema wajomba. Lake yeye hatukuliona.